Matini Huria na Ufundishaji wa Kiswahili: Mfano wa Nyangwe

Utangulizi

Nyangwe, katika jimbo la Maniema, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni makazi madogo yaliyopo ukingo wa kulia wa mto Lualaba, kaskazini-magharibi ya Kasongo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mahali hapa palikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya misafara iliyotoka Unguja na Ujiji kutafuta pembe za ndovu na watumwa. David Livingstone alifika hapo mwaka 1871, Verney Lovett Cameron mwaka 1874, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliiteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Pamoja na misafara hiyo kilifika Kiswahili, na lahaja iliyopata jina la Kingwana, yaani lugha ya waungwana, ilienea kutoka katika vituo hivyo. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006.

Kwa hiyo Nyangwe ni mahali palipoandikwa sana, na ni mahali penye nafasi ya pekee katika historia ya kuenea kwa Kiswahili barani. Hata hivyo, mhadhiri anayetaka kufundisha habari zake kwa Kiswahili hukabiliwa na upungufu mkubwa wa vitabu. Matoleo ya zamani hayachapwi tena. Yaliyopo yamefungiwa katika maktaba za Ulaya, au yanauzwa kwa bei inayozidi uwezo wa idara, seuze wa mwanafunzi. Matokeo yake ni kwamba somo hufundishwa kwa vitini vilivyonakiliwa kutoka katika vitini vingine, hadi chanzo cha habari kikasahaulika kabisa.

Makala haya yanachunguza njia moja ya kuondokana na hali hiyo, nayo ni matumizi ya nyenzo huria za elimu. Hoja kuu ni kwamba nyenzo hizo kuhusu Nyangwe tayari zipo, na wahadhiri wa Kiswahili hawana sababu ya kutosha ya kuzikwepa. Lakini kuzipokea hakuishii katika kuzisoma bila malipo. Thamani yake hasa imo katika ruhusa ya kuzifasiri, kuzirekebisha na kuzijibu. Ruhusa hiyo isipotumiwa, Nyangwe itabaki imefunguliwa kwa kila msomaji duniani isipokuwa yule anayesema lugha ya mahali penyewe.

Bure na Huria

Kwanza hapana budi kutofautisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Kitu huria ni kile kisicho na kizuizi cha kutumiwa. Kiswahili kimebahatika kuwa na neno hili la pili, na wasomaji wa Afrika Mashariki wamelizoea kwa kuwa limo katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992. Kitabu kinaweza kuwa cha bure bila kuwa huria: msomaji anaruhusiwa kukisoma tu, lakini haruhusiwi kukinakili, kukifasiri wala kukitolea toleo jingine.

Dhana ya nyenzo huria za elimu ilipewa jina lake katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mwaka 2002. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Massachusetts Institute of Technology ya Marekani ilikuwa imetangaza nia ya kuweka vifaa vya masomo yake katika intaneti ili vitumiwe na yeyote. Mwishoni mwa mwaka 2002 zilitolewa leseni za kwanza za Creative Commons, ambazo humwezesha mwenye haki miliki kutangaza mapema mambo anayoyaruhusu na masharti anayoyaweka. Tarehe 25 Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo juu ya nyenzo hizi, ukizitaka nchi wanachama kuwajengea walimu uwezo wa kuziunda, kuzipata, kuzitumia na kuzirekebisha.

Kutokana na historia hiyo fupi, nyenzo huria ni zile ambazo ama haki miliki yake imekwisha muda, ama mwenyewe amezitoa kwa leseni inayoruhusu wengine kuzitumia upya, kuzibadilisha na kuzigawa. Aina zote mbili zinapatikana katika mfano wa Nyangwe, na kila moja inadai kuhakikiwa kivyake.

Shajara ya Mwaka 1871

Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi Machi 1871, akakaa hapo hadi mwezi Julai akingoja mitumbwi ya kumvusha Lualaba. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Alichukua kurasa za gazeti la Kiingereza, *The Standard* la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa, akikata mistari yake. Wino aliutengeneza kwa rangi ya mmea wa huko huko. Kadiri miaka ilivyopita wino huo ulififia, na karatasi zikageuka rangi, hata sehemu kubwa ya shajara ikawa haisomeki kwa macho.

Kwa muda wa zaidi ya karne moja, waliotaka kujua yaliyoandikwa Nyangwe walitegemea kitabu kilichohaririwa na Horace Waller na kutolewa London mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki. Kitabu hicho hakikutokana moja kwa moja na karatasi za gazeti, bali na daftari ambalo Livingstone alilinakili baadaye akiwa ametulia. Msomaji hakuwa na njia ya kulinganisha yaliyoandikwa papo hapo na yaliyoandikwa baada ya kutafakari.

Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitoa toleo la uhakiki la shajara hiyo katika intaneti. Kurasa zilipigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali, inayoonekana na isiyoonekana kwa macho, kisha picha hizo zikachakatwa kwa kompyuta hata wino wa Livingstone ukatenganishwa na wino wa gazeti. Toleo hilo lina picha za kurasa, maandishi yaliyonakiliwa kutoka humo, na maelezo ya wahariri. Limetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kurekebisha kwa masharti mawili: mtumiaji ataje chanzo, wala asilitumie kwa biashara.

Umuhimu wa toleo hili kwa wanafunzi wa fasihi na historia hauna shaka. Maudhui yake makuu ni soko la Nyangwe. Livingstone alilipenda soko hilo, akalieleza kwa kina: wanawake wanaotoka mbali wakiwa na vyungu, mihogo, samaki na kuku, kelele za kuvutana bei, na desturi iliyowawezesha wanawake wa sokoni kupita salama hata pale vijiji vyao vilipokuwa vitani. Neno analolitumia mara kwa mara kwa soko hilo ni *chitoka*. Tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo yeye mwenyewe alikisia kuwa watu wapatao 1,500 walifika sokoni, watu wenye bunduki waliomfuata mfanyabiashara Dugumbe walizusha ugomvi kwa ajili ya bei ya kuku, kisha wakaanza kupiga risasi ndani ya umati. Wengi waliokufa walikuwa wanawake, na wengi walizama majini wakijaribu kukimbilia mitumbwi. Waarabu waliokuwapo walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza nguvu ya madai yaliyomfanya Sultani Barghash atie sahihi, mwezi Juni 1873, mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Toleo la 2011 limefanya jambo ambalo kitabu cha 1874 hakikuweza kulifanya. Limeonyesha kwamba maneno ya shajara na maneno ya daftari la baadaye hayalingani kila mahali, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe, wakiwamo watumwa wa Mabaniani aliotumiwa kutoka Unguja. Kutokana na tofauti hizo wahariri waliuliza kama baadhi ya watu hao walihusika kwa namna fulani katika mauaji. Swali hilo halijafungwa, na si lazima mhadhiri alifunge. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanafunzi wa Kindu au wa Mombasa mwenye simu anaweza leo kuiona karatasi ile ile anayoiona bingwa wa Ulaya, akalinganisha mistari, akatoa hukumu yake. Hapo awali uwezo huo ulikuwa wa wachache walioweza kusafiri hadi Uskoti, zinakohifadhiwa karatasi hizo.

Maisha ya Tippu Tip

Matini ya pili ni ya Kiswahili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Heinrich Brode. Brode aliigeuza matini hiyo kuwa katika hati za Kirumi, akaitoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, mwaka 1902 na 1903. Wilfred Whiteley aliitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959, na baadaye East African Literature Bureau ikaitoa kama kitabu. François Bontinck aliitolea tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974.

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Sheria ya haki miliki ya Kongo ya mwaka 1986, sawa na ile ya Tanzania ya mwaka 1999, inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo maneno yake ya Kiswahili ni mali ya umma tangu muda mrefu, na mhadhiri yeyote yuko huru kuyachapa upya, kuyasahihisha tahajia na kuyatilia maelezo. Lakini tafsiri ni kazi nyingine yenye haki zake. Whiteley alifariki mwaka 1972, na muda wa kulindwa kwa tafsiri yake hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kunakili kitabu kizima, pamoja na tafsiri na utangulizi wake, kwa kisingizio kwamba Tippu Tip ni wa zamani, ni kosa linalotendeka mara nyingi. Anayetaka kutumia matini ya Kiswahili peke yake hana haja ya kutenda kosa hilo: majuzuu ya jarida la Berlin yamekwisha kupigwa picha na yanasomeka bila malipo.

Kama kazi ya fasihi, masimulizi haya yanastahili nafasi kubwa zaidi katika silabasi kuliko ile yanayopewa. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo za tawasifu katika nathari ya Kiswahili. Mtindo wake ni wa msimuliaji wa barazani: sentensi fupi, vitendo vinavyosukumana kwa kiambishi -ka-, mazungumzo yanayoripotiwa kwa maneno ya wahusika wenyewe, na hesabu makini za pembe na bidhaa. Mwanafunzi wa isimu atapata humo Kiunguja cha karne ya 19 kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930. Mwanafunzi wa fasihi ataona jinsi mtu anavyojijenga katika maneno yake mwenyewe: mfanyabiashara mwenye busara, mpatanishi, mtu asiyeshindwa.

Hata hivyo, ni matini yenye upande. Watu wa Maniema huonekana humo zaidi kama wafuasi, maadui, wapagazi au raia waliotiishwa, na neno *washenzi* hutumika bila wasiwasi. Tippu Tip alikuwa Nyangwe mwaka 1874, takribani miaka mitatu baada ya mauaji ya sokoni, kwa hiyo si shahidi wa siku ile. Alikuwa mwenzi wa wafanyabiashara wa hapo, na maslahi yake yalikuwa yao. Anayetafuta sauti ya mwanamke aliyebeba chungu kwenda sokoni hataipata kwake.

Kilichokosekana

Zikiwekwa pamoja, matini hizi mbili huonyesha uwezo wa nyenzo huria na vilevile mipaka yake. Moja ni ya Kiingereza, imeandaliwa kwa ustadi mkubwa na kutolewa kwa leseni ya wazi. Nyingine ni ya Kiswahili, haina mlinzi wa haki, lakini toleo lake linalosomeka bila malipo ni picha za jarida la zamani, lenye tahajia ya Brode na tafsiri ya Kijerumani pembeni. Ya kwanza iko tayari kwa darasa ila kwa lugha. Ya pili ina lugha lakini haijaandaliwa kwa darasa.

Aidha, zote mbili zimeandikwa na wageni waliofika Nyangwe kwa misafara. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika maelezo ya tarehe 15 Julai, waliopiga risasi wanatajwa kwa mabwana wao, ilhali waliouawa wanatajwa kwa hesabu. Uhuria haukuleta upungufu huo wala hauwezi kuuondoa peke yake. Nyaraka zikifunguliwa zote, kilichofunguliwa ni kile kilichoandikwa, na waliokosa kalamu hubaki nje ya mlango ulio wazi.

Baadhi ya wahakiki wanaweza kuona kwamba sababu hiyo inatosha kuzikataa nyenzo hizi, kwa kuwa zinaendeleza mtazamo wa mkoloni na wa mfanyabiashara wa watumwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini hitimisho lake ni potofu. Matini iliyofungwa kwa haki miliki humlazimisha msomaji aipokee kama ilivyo. Matini huria humruhusu aivunje: aitie tanbihi za kupinga, aweke kando yake masimulizi yaliyokusanywa Kasongo na Kabambare, aifasiri kwa Kiswahili cha Maniema na kuuliza kila neno linalogoma kufasirika. Lawama ya kwamba sauti ya mwenyeji haimo haina budi kuwageukia pia wasomi wa Kiswahili, ambao ruhusa wanayo tangu mwaka 2011 kwa shajara, na tangu zamani zaidi kwa matini ya Tippu Tip.

Mfano wa kazi ya aina hiyo haukosekani. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Shaba historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, akiitazama kwa macho ya watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian aliitoa kazi hiyo pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, na baadaye ikawekwa katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa Kongo inayosomeka bila malipo katika intaneti. Matini hiyo ilithibitisha mambo mawili: kwamba Kiswahili cha Kongo kinabeba historia iliyoandikwa na wenyewe, na kwamba matini ndogo iliyochapwa kwa mashine katika mji mmoja inaweza kuingia katika mijadala ya vyuo vikuu vya dunia pale inapopatikana. Maniema haina sababu ya kutokuwa na ya kwake.

Sababu za Wahadhiri Kusita

Ikiwa faida ni hizo, kwa nini wahadhiri wengi husita? Sababu tatu hujitokeza, na kila moja inastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kipato. Katika vyuo vingi vya Kongo mhadhiri hupiga chapa mihadhara yake akaiuza kwa wanafunzi, na mauzo hayo huziba pengo la mshahara mdogo au unaochelewa. Kumwambia mhadhiri huyo agawe vitini bure ni kumwomba alipie elimu ya umma kutoka mfukoni mwake. Tatizo hili si la mtu mmoja, wala halitatuliwi kwa mahubiri. Chuo kinachotaka nyenzo huria lazima kimlipe mwandishi wa kitini mara moja, kwa saa alizozitumia, badala ya kumwachia awatoze wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Ikumbukwe pia kwamba masharti ya shajara ya Livingstone yanakataza biashara. Mhadhiri atakayetia tafsiri ya shajara hiyo katika kitini cha kuuza kwa faida atakuwa amevunja leseni.

Ya pili ni heshima ya kitaaluma. Kwa kawaida mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala na vitabu, na toleo la kufundishia huhesabiwa kuwa kazi duni. Kipimo hicho hakifai kwa taaluma ya Kiswahili. Kuandaa matini ya Tippu Tip kwa tahajia ya leo, kulinganisha na toleo la Brode, kueleza msamiati wa misafara na kutambua majina ya watu na mahali ni uhakiki wa matini wa daraja la juu. Kazi hiyo ipitiwe na wasomaji mahiri kama makala yoyote, na ihesabiwe hivyo.

Ya tatu ni shaka juu ya ubora. Inadhaniwa kuwa kinachotolewa bila malipo hakikufanyiwa kazi. Toleo la shajara lenyewe linatosha kuiondoa dhana hiyo, kwa sababu limeandaliwa kwa uangalifu unaozidi ule wa kitabu cha 1874 kilichouzwa madukani. Jarida la *Swahili Forum*, lililoanza mwaka 1994 huko Ujerumani na ambalo makala zake husomwa bila malipo, ni ushahidi mwingine ulio karibu zaidi na wasomaji wa taaluma hii. Ni kweli kwamba zipo nyenzo mbovu. Lakini ubovu wa nyenzo huria hurekebishika na yeyote anayeuona, na vitabu vya madukani hungoja toleo jipya ambalo huenda lisitoke.

Kuna pia kizuizi kisichotokana na utashi wa mhadhiri. Umeme na intaneti katika Maniema ya kusini si vitu vya kutegemewa kila siku, na gharama ya kupakua picha nzito humwelemea mwanafunzi. Hapa ndipo tofauti ya bure na huria inapodhihirika. Kwa kuwa leseni inaruhusu kunakili, picha na maandishi yakipakuliwa mara moja na maktaba ya chuo, yanaweza kugawiwa kwa flashi, kuwekwa katika kompyuta za maktaba, au kupigwa chapa kwenye karatasi na kupelekwa Kasongo kwa gari. Nyenzo ya bure isiyo huria isingeweza kusafiri namna hiyo.

Kutoka Wito hadi Kazi

Ili wito huu usibaki maneno matupu, inafaa kueleza kazi inayoweza kufanywa na idara moja katika mwaka mmoja wa masomo. Idara ya Kiswahili, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi au Chuo Kikuu cha Kindu, inaweza kuandaa kitabu kidogo cha kusomea chenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza iwe tafsiri ya kurasa za shajara zinazohusu soko, kuanzia maelezo ya siku za amani hadi tarehe 15 Julai, pamoja na picha za kurasa zenyewe. Sehemu ya pili iwe vifungu vya Tippu Tip kuhusu Nyangwe na Kasongo, kwa tahajia ya leo, na tahajia ya Brode ikihifadhiwa pembeni. Sehemu ya tatu iwe masimulizi ya wazee wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare, yaliyokusanywa na wanafunzi kwa idhini ya wasimulizi na kuandikwa kwa Kiswahili chao bila kusanifishwa.

Maswali ya darasa yatazaliwa humo yenyewe. Neno *chitoka* lina uhusiano gani na maneno ya soko katika lugha za Maniema? Kwa nini msimulizi mmoja husema *waungwana* pale ambapo mwingine husema Waarabu? Mauaji yanasimuliwaje na mtu anayetegemea wauaji kwa chakula na ulinzi, kama alivyokuwa Livingstone kwa Dugumbe? Ni kitu gani kinapotea Kiingereza chake kinapofasiriwa, na ni kitu gani kinarejea? Wanafunzi watakaojibu maswali hayo watakuwa wamejifunza tafsiri, isimu, historia na uhakiki wa fasihi katika somo moja.

Kazi ya namna hii ina mtangulizi. Mpango wa TESSA wa kuwaelimisha walimu wa Afrika, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo kadhaa kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ulitoa vifaa vyake kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mpango huo ulionyesha kwamba vifaa vya ualimu vinaweza kutolewa kwa Kiswahili na kwa leseni ya wazi bila kupoteza hadhi. Kinachodaiwa sasa ni kuipeleka kazi hiyo katika kiwango cha chuo kikuu, na katika matini zinazohusu historia ya lugha yenyewe.

Mwishowe, kitabu hicho nacho kitolewe kwa leseni huria. Chuo kinachopokea nyenzo huria bila kutoa chochote huishi kwa ukarimu wa wengine, na maandishi kuhusu Nyangwe yataendelea kutoka ng'ambo. Kwa masimulizi ya wazee, hata hivyo, tahadhari inahitajika. Si kila linalosimuliwa nyumbani huwa limeruhusiwa kutoka nyumbani. Msimulizi aelezwe maana ya leseni kwa lugha yake, na akitaka sehemu fulani isitoke, isitoke. Watu waliowahi kuandikwa bila kuulizwa wana haki ya kuulizwa safari hii.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyenzo huria za elimu kuhusu Nyangwe zipo, kwamba ni bora, na kwamba vikwazo vinavyowazuia wahadhiri kuzitumia vinaweza kuondolewa kwa malipo ya haki, kwa vigezo vipya vya kupandisha vyeo, na kwa kuzisafirisha matini kwa njia zinazofaa mazingira. Imeonyeshwa pia kwamba uhuria si tiba ya ukimya wa waliokosa kalamu, ingawa unafungua nafasi ya kuutibu.

Soko la Nyangwe lilikuwa mahali ambapo hata maadui walikutana bila silaha, kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwenzake. Habari za siku ambayo amani hiyo ilivunjwa sasa zinaweza kusomwa na mtu yeyote ajuaye Kiingereza. Wajukuu wa wanawake waliokuwa sokoni siku ile husema Kiswahili. Kuwafikishia maandishi hayo, pamoja na nafasi ya kuyajibu, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa idara yoyote ya Kiswahili yenye mhadhiri mmoja aliye tayari kuianza.